Acheni Kusema "Korti ni ya Wenye Pesa"

Wasomaji wangu, leo naiweka kando Linux, naweka kando hifadhidata, na ule mfululizo wa masomo ya Python niliowaahidi utangoja wiki nyingine. Kuna sentensi moja inayoniudhi kuliko stima kupotea kabla sijahifadhi kazi, na nisipoijibu leo sitalala.

Sentensi yenyewe ni hii: "Korti ni ya wenye pesa."

Naisikia kwa kinyozi hapa Umoja. Naisikia ndani ya matatu Jogoo Road na kwenye foleni ya maji Kayole. Ajabu zaidi, naisikia kutoka kwa waandishi wa programu wenzangu, watu wenye digrii, watu wanaoweza kukesha wakitafuta kosa moja ndani ya mistari elfu kumi ya programu, lakini hawajawahi kusoma Sura ya Nne ya Katiba yao hata mara moja. Ukiwaambia kwamba mpangaji aliyebomolewa nyumba au mama aliyefungiwa hospitalini anaweza kwenda Mahakama Kuu akashinda, wanacheka. "Wewe ni wa kompyuta, mambo ya korti utayajulia wapi?"

Haya. Mimi ni wa kompyuta, si wakili, na kwa sababu hiyo hasa nimezoea kusoma maagizo kabla ya kusema kwamba kitu hakifanyi kazi. Nimesoma. Sasa nabisha, tena kwa mifano ya hapa hapa Nairobi, mingine umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Eastlands.

Haki za kukaa kwenye karatasi

Kwa wasioandika programu, nieleze jambo dogo. Ndani ya programu unaweza kuandika maneno ambayo kompyuta inayaruka bila kuyatekeleza. Tunayaita komenti. Naweza kuandika komenti isemayo "hapa hakikisha nenosiri ni sahihi", lakini kama hakuna amri chini yake, hakuna nenosiri litakalokaguliwa. Mwizi ataingia na komenti itakaa pale ikimtazama.

Katiba yetu ya zamani ilikuwa na haki nzuri tu za kusoma. Ilikuwa pia na kifungu cha 84 kilichosema kwamba mtu aliyevunjiwa haki zake anaweza kwenda Mahakama Kuu. Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwaka 1989, Jaji Norbury Dugdale aliamua kwamba kifungu hicho hakiwezi kutumika. Kwa nini? Kwa sababu Jaji Mkuu alikuwa hajatunga kanuni za kukitumia. Yaani mahakama haikuandika kanuni, halafu mahakama hiyo hiyo ikamwambia mwananchi: pole, hakuna kanuni, rudi nyumbani. Huo ulikuwa wakati ambapo watu walikuwa wakiteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Haki zilikuwepo, zimepigwa chapa na kutiwa muhuri, lakini zilikuwa komenti.

Kanuni za kifungu cha 84 zilikuja baadaye sana, mwaka 2001, na nyingine 2006. Na mlango ulipofunguka, waliokuwa wameteswa waliingia. Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru kundi la waathiriwa wa Nyayo House walipwe fidia. Miaka zaidi ya ishirini baada ya mateso, ndiyo, lakini serikali iliyosema hayo hayakutokea ilisomewa hukumu kwamba yalitokea.

Waliotunga Katiba ya 2010 hawakusahau ujinga wa 1989. Fungueni Kifungu cha 22. Kinasema kila mtu ana haki ya kwenda mahakamani akidai kwamba haki iliyo katika Sheria ya Haki imenyimwa, imekiukwa au inatishiwa. Inatishiwa! Huhitaji kungoja tingatinga lifike mlangoni. Kinasema unaweza kwenda kwa niaba ya mtu asiyeweza kwenda mwenyewe, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Kinasema taratibu ziwe chache iwezekanavyo na kwamba hakuna ada ya kuanzisha kesi ya aina hiyo. Halafu kuna ibara ndogo ya nne, ambayo mimi huisoma kama mtu anayesoma marekebisho ya kosa lililomtesa miaka mingi: kukosekana kwa kanuni hakuzuii haki ya mtu yeyote kuanzisha kesi. Kosa la Dugdale lilizibwa kwa sentensi moja.

Kanuni zenyewe zilitolewa 2013, enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga, na wengi huziita Kanuni za Mutunga. Zinairuhusu mahakama kupokea malalamiko ya mdomo, barua, au hati yoyote isiyo rasmi inayoonyesha kwamba haki imevunjwa. Barua! Wahindi walitangulia katika hili. Tangu miaka ya themanini Mahakama ya Juu ya India imekuwa ikichukulia hata barua ya mfungwa kuwa kesi. Sisi tumeiandika kwenye kanuni, halafu tunakaa kwa kinyozi tukiambiana kwamba bila mamilioni hupiti langoni.

Muthurwa: wapangaji dhidi ya tingatinga

Mfano wa kwanza. Muthurwa iko pale mlangoni mwa Eastlands, ukitoka mjini kabla hujashika Jogoo Road. Wengi wanaijua kwa soko na matatu, lakini kulikuwa na mtaa pale, nyumba za reli. Julai 2010 wakazi walipewa notisi ya siku 90 wahame. Mwenye mali hakuwa serikali. Alikuwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na kejeli yenyewe ni kwamba miongoni mwa waliotakiwa kuhama walikuwamo waliowahi kufanya kazi reli. Ubomoaji ukaanza. Maji yakakatwa.

Wakazi 12 wakaenda Mahakama Kuu, kwa niaba yao na ya majirani zao. Ombi lao lina namba 65 ya mwaka 2010. Katiba mpya ilikuwa imezinduliwa tarehe 27 Agosti mwaka huo huo, rangi haijakauka. Februari 2011 wakapata amri ya muda ya kuzuia ubomoaji kesi ikiendelea. Tarehe 30 Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola akatoa hukumu: haki ya makao na haki ya kuheshimiwa utu wao zilikuwa zimekiukwa. Na kwamba mwenye nyumba si serikali hakukumwokoa, kwa sababu Sheria ya Haki inamfunga kila mtu.

Sasa msikilize vizuri, maana hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Korti haikusema kwamba mpangaji amegeuka mwenye mali. Ilisema hata anayeondolewa aondolewe kama binadamu: kwa notisi ya kutosha, kwa mazungumzo, kwa utaratibu. Jaji aliziamuru pande zote zikae zipange jinsi ya kuhama, na akamtaka Mwanasheria Mkuu arudi mahakamani ndani ya siku 90 aeleze nchi ina sheria gani au inapanga sheria gani kuhusu kufurusha watu.

Mnajua kilichofuata? Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ardhi na kuongeza vifungu kuhusu ufurushaji, kuanzia 152A. Notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Maafisa wajitambulishe na waonyeshe idhini. Utu na usalama wa watu uheshimiwe. Wanaoondolewa wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Na aliyepewa notisi anaweza kwenda kortini kuipinga. Sisemi kesi ya Muthurwa peke yake ndiyo iliyoleta sheria hiyo, kwa sababu zilikuwepo kesi nyingine pia, kama ile ya watu waliobomolewa nyumba Garissa mwaka 2010. Lakini wapangaji wa Muthurwa walikuwa kati ya waliolisukuma gari hilo, na hawakuwa matajiri.

Leo mitaa ya zamani ya Eastlands, Makongeni, Jericho, Kaloleni, Ziwani, Bahati, imo katika mipango ya kujengwa upya. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 tuliona tingatinga likiingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba kando ya mito. Ni kweli mto unaua. Hakuna anayebishana na maji. Lakini hatari ya mto haifuti notisi, wala haifuti swali la mtu atalala wapi usiku ule. Ni wangapi kati yetu walikuwa na vifungu vya 152 mkononi siku ile? Sheria ilikuwepo. Wa kuidai ndio waliokuwa wachache.

Pumwani: deni si gereza

Mfano wa pili. Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani ilianzishwa 1926, na sitashangaa kama nusu ya wanaonisoma hapa Eastlands walizaliwa pale. Mwaka 2010 wanawake wawili walijifungua pale, wakashindwa kulipa bili, wakazuiliwa. Mama mzima, ana mtoto mchanga, amefungiwa kwa sababu hana pesa, kama simu iliyowekwa rehani dukani.

Kesi yao iliwasilishwa 2012. Tarehe 17 Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki yao ya uhuru na ya utu, pamoja na haki nyingine. Mmoja alipewa fidia ya shilingi 1,500,000 na mwingine shilingi 500,000. Hospitali inayodai pesa ina njia za kudai deni kama mdai mwingine yeyote. Kumfungia mtu si mojawapo ya njia hizo.

Nawauliza wale wa "korti ni ya wenye pesa": hawa wawili walikuwa na pesa gani? Kosa lao lilikuwa nini kama si kukosa pesa? Kama sentensi yenu ni ya kweli, walikuwa watu wa mwisho kabisa duniani kuweza kushinda. Walishinda.

Hii haimaanishi kwamba mchezo huo umekoma. Hata baada ya 2015, kesi za wagonjwa waliozuiliwa na hospitali ziliendelea kufika mahakamani. Lakini tangu hukumu hiyo, wakili wa mgonjwa haanzi kutoka sifuri. Ana hukumu ya kuweka mezani, na nakala yake anaisoma bure kwenye tovuti ya Kenya Law, pale pale inapopatikana ile ya Muthurwa. Tunaoandika programu tunaijua raha ya kukuta mtu mwingine ameshatatua tatizo lako na kuacha suluhisho mahali pa wazi. Hukumu ni hivyo hivyo. Mmoja akipigana, wengine wanatumia.

Kwa wapenzi wa teknolojia: Huduma Namba

Kwa wale waliokuja hapa kwa ajili ya kompyuta tu, huu ni wenu. Mwaka 2019 serikali ilianza kusajili kila mtu kwenye hifadhidata moja kubwa, ile Huduma Namba. Sheria ilikuwa imebadilishwa ili iruhusu hata kuchukua DNA na mahali halisi mtu anapoishi kwa kutumia GPS. Mitandaoni tulipiga kelele. Tukatunga vichekesho. Tukaandika makala. Halafu tukaenda kupiga foleni kwa chifu.

Waliosimamisha jambo ni waliokwenda kortini, wakiwemo Nubian Rights Forum, shirika la Wanubi wa Kenya, jamii ambayo kwa vizazi imehangaishwa kupata kitambulisho. Majaji watatu waliwasikiliza mashahidi wa teknolojia wakibishana kuhusu hifadhidata ya pamoja, usimbaji na usalama wake. Tarehe 30 Januari 2020 wakaamua: kuchukua DNA na GPS ni kinyume cha Katiba, na mradi usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema tena kwamba kutoa zile kadi bila kwanza kupima athari kwa faragha za watu, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka, hakukuwa halali.

Vichekesho vyetu vyote havikufuta hata safu moja kwenye jedwali la hifadhidata ile. Hukumu ilifuta mbili.

"Hata ukishinda, hakuna kitu"

Sasa nije kwa hoja ya pili ya wapinzani wangu, ambayo ina nguvu kuliko ya kwanza, na sitaikwepa. Wanasema: sawa, utashinda, utapewa karatasi, halafu serikali itaifungia maandazi.

Wana ushahidi. Angalia Mitumba, kile kijiji kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Wakazi walikuwa na amri ya korti ya kuzuia ubomoaji, lakini Novemba 2011 kikabomolewa vilevile. Wakashinda Mahakama Kuu 2013, wakashindwa Mahakama ya Rufaa 2016, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi Januari 2021. Karibu miaka kumi! Mtoto aliyebomolewa akiwa chekechea alikuwa anakaribia sekondari.

Angalia Dandora. Jaa lile lilitangazwa kwamba limejaa tangu 2001. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lihamishwe ndani ya miezi 6. Miezi sita! Wewe unayeishi Dandora, Korogocho au Kariobangi, fungua dirisha leo upumue, kisha uniambie amri ile imetekelezwa vipi.

Angalia pesa. Kwa miaka mingi kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali kimekuwa ngao. Mimi nikishindwa kesi, dalali wa korti anabeba televisheni yangu. Serikali ikishindwa, huwezi kukamata hata kiti cha ofisi. Unachukua cheti, unarudi kortini kuomba afisa aamriwe kulipa, asipolipa unarudi tena kudai kwamba amedharau mahakama. Kesi ya pili ya kulipwa ya kwanza, na ya tatu ya kulipwa ya pili.

Kwa hiyo nakubali kwamba pana kasoro. Lakini angalieni mahali kasoro ilipo. Haiko kwa jaji wala kwa maskini aliyeleta kesi. Iko baada ya hukumu, pale kila mtu anapokunja jamvi, waandishi wa habari wanaondoka, na wakazi wanabaki na karatasi. Na dawa ya kasoro iliyo mwishoni mwa kazi si kuacha kazi. Dawa ni kuimalizia.

Ombeni amri inayorudi

Hapa ndipo ninapotaka mnisikie kuliko mahali pengine popote. Ile hukumu ya Mitumba ya 2021 ina kitu ambacho kila chama cha wapangaji Eastlands kinapaswa kukijua. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba, chini ya Kifungu cha 23 cha Katiba, mahakama inaweza kutoa amri za kusimamia utekelezaji. Yaani jaji hasemi tu "tendeni hivi", akafunga faili. Anasema: tendeni hivi, na baada ya siku kadhaa rudini hapa mnionyeshe mmefika wapi, na wakazi nao waseme kama ni kweli.

Ipo tofauti kubwa kati ya programu unayoiendesha mara moja na programu uliyoiwekea ratiba ijirudie kila usiku. Ya kwanza ikishindwa, hakuna anayejua. Ya pili ikishindwa, asubuhi unakuta ripoti. Amri nyingi za haki za binadamu tumeziomba kama programu ya mara moja. Tuombe za ratiba. Mwambieni wakili wenu aandike kwenye ombi: ripoti kila siku 30, tarehe ya kutajwa kwa kesi, jina la afisa mwenye jukumu. Afisa mwenye jina huogopa korti. "Serikali" haiogopi, kwa sababu haina miguu ya kupelekwa popote.

Na subira inalipa, hata ikiwa chungu. Tazameni Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Phyllis Omido na wakazi walishinda 2020, wakapewa shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaivunja hukumu hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wangekata tamaa 2023, leo tungekuwa tunatoa mfano wao kwa kinyozi kuthibitisha kwamba korti ni ya wenye pesa.

Tusidanganyane kuhusu gharama

Sitaki mtu aamke kesho akidhani ni mchezo. Wakili wa kulipa ni ghali. Ada ya kuanzisha haipo, lakini nauli ipo, nakala zipo, siku za kazi unazozipoteza zipo. Ukishindwa, nani alipe gharama ni uamuzi wa jaji. Aliyeleta kesi ya umma kwa nia njema mara nyingi huachiliwa, lakini hakuna aliyekuahidi. Ndiyo maana watu wa Muthurwa hawakwenda mmoja mmoja. Ploti yenye vyumba 40 ikichanga inakuwa na nguvu ambayo chumba kimoja hakina. Kituo cha Sheria kimekuwa kikisaidia wasio na uwezo tangu 1973, na tangu 2016 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayolitaka taifa lilipie wakili wa asiyeweza. Na Okiya Omtatah, ambaye si wakili, amekuwa akisimama mwenyewe mbele ya majaji miaka nenda miaka rudi, mpaka watu wa Busia wakampeleka Seneti 2022.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Sisi wa Eastlands tuna Mahakama ya Makadara, pale Jogoo Road. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu anaweza kusikiliza madai ya haki za binadamu, lakini yale tu yanayohusu mateso na ukatili, au utumwa. Kwa hiyo aliyepigwa akiwa seli anaweza kuanzia Makadara. Lakini mama aliyefungiwa hospitalini anayedai uhuru wake, au mpangaji anayedai makao, anaelekezwa Mahakama Kuu. Kwa nini? Kama tunataka kudai mageuzi, tuanzie hapo: hakimu wa karibu apewe uwezo zaidi. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo badala ya kumuomba mia mbili.

Angalau faili sasa husafiri kwa waya. Tangu Julai 2020 mahakama za Nairobi zinapokea kesi kwa intaneti, na Machi 2024 mfumo huo ulifunguliwa nchi nzima. Saiba yoyote ya Kayole yenye skana inaweza kuwa dirisha la Mahakama Kuu.

Na majirani zetu watufundishe kwamba mlango ukiachwa bila kutumiwa unaweza kufungwa. Tanzania ina Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi tangu 1994. Mwaka 2020 ilirekebishwa ili anayeleta kesi aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa sentensi moja, kumpigania jirani kukawa kugumu. Sisi bado tunaruhusiwa kumpigania jirani. Hadi lini, kama hatufanyi hivyo?

Neno kwa waandishi wa programu

Mwisho ni kwenu, ndugu zangu wa kibodi. Kila mwaka naona mashindano ya wikendi ya kutengeneza programu ya simu ya "kuelimisha wananchi kuhusu haki zao". Nembo nzuri, rangi nzuri, pitsa, picha, kwaheri. Wananchi wanazijua haki zao! Mama aliyefungiwa hospitalini hahitaji simu imwambie kwamba amefungiwa.

Mnataka kazi ya maana? Chukueni hukumu za haki za binadamu zilizo kwenye Kenya Law. Katika kila moja, toeni amri: nani aliamriwa, afanye nini, kabla ya tarehe gani. Wekeni kwenye jedwali moja la wazi. Tarehe ikipita, mstari ugeuke mwekundu. Dandora, miezi 6, nyekundu. Hakuna akili bandia inayohitajika hapo. Ni jedwali, tarehe na uvumilivu wa kusoma. Wakili, mwandishi wa habari na mkazi wote wangelitumia. Nimeanza yangu na amri chache, na mwenye kutaka kusaidia aniandikie.

Na wewe usiye mwandishi wa programu, soma Kifungu cha 22 leo. Ni kifupi kuliko masharti ya programu yoyote ya simu uliyowahi kubonyeza "Nakubali" bila kusoma. Kisome kwa sauti kwenye mkutano wa ploti. Kibandike karibu na mita ya stima, pale kila mtu anapotazama.

Korti ni ya wanaokwenda. Sisi tukibaki nyumbani, watakaokwenda watakuwa wenye pesa peke yao, na hapo sentensi ile itakuwa kweli. Lakini itakuwa ni sisi tulioifanya kuwa kweli.